Subaru Impreza STI ya 2006 ya mkononi: niliyoyakagua kabla ya kulipa, na gari lenyewe baada ya miaka miwili

Gari la kwanza nililikuta Tabata. La bluu, rimu za dhahabu, limeoshwa mpaka matairi yanang'aa. Jana yake nilikuwa nimemwomba muuzaji kwa simu: "Kaka, naomba usiliwashe mpaka nifike." Nikafika saa moja asubuhi, tukasalimiana, nikaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto.

"Dada, nililisogeza kidogo tu, kulikuwa na gari nyuma linataka kutoka."

Kulisogeza gari hakupashi boneti moto namna ile. Nikamshukuru kwa muda wake, nikapanda bajaji nikarudi zangu. Sikuliwasha, sikuuliza hata bei ya mwisho. Rafiki zangu wanasema nilikuwa mkali mno siku ile. Bado naona nilifanya sawa, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mtaalamu wa maabara hospitalini hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni kupokea sampuli na kusubiri kipimo kiseme. Nimekulia Iringa, na baba alikuwa akitupeleka kando ya barabara ya vumbi kuangalia mashindano ya magari ya Mkwawa Rally. Tulirudi nyumbani wekundu kuanzia nywele hadi soksi. Subaru nilizipendea hapo, na baba alikuwa hachoki kutusimulia jinsi dereva Mskoti Colin McRae alivyoshinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 kwa Impreza. Kwa hiyo nilipoanza kuweka akiba ya gari, nilijua nataka nini: Impreza WRX STI, ile yenye nguvu kuliko WRX ya kawaida, ya kati ya 2005 na 2007, ambayo mashabiki huiita Hawkeye, jicho la mwewe, kwa jinsi taa zake za mbele zilivyokaa. Kuipata iliyo nzima kulinichukua miezi mitano na magari manne.

Nirudi kwenye boneti. Injini ya gari hili imelala: silinda mbili kulia, mbili kushoto, pistoni zinakwenda kwa ubavu. Ikiwa baridi inakuambia mambo ambayo ikishapata moto haiyasemi tena. Kuna mlio mkavu wa tak-tak, pistoni ikicheza ndani ya silinda kabla haijapanuka kwa joto. Ukiwa mdogo na ukaisha ndani ya dakika chache, wengi wanaishi nao. Kuna moshi wa bluu unaotoka mara tu unapowasha, oili iliyojipenyeza usiku kupitia sili za turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, au za valvu. Kuna moshi mweupe unaonukia utamu, hayo ni maji ya rejeta yanaungua ndani. Mvuke kidogo wa asubuhi hauna neno, huo unapotea wenyewe. Na kuna stata inayohangaika. Gari likipashwa moto kabla hujafika, haya yote yamefutwa. Ndiyo maana kwangu boneti la moto ni jibu kamili.

Noki, yaani injini kugonga kwa ndani, ni habari nyingine, na watu wengi wanaichanganya na ule mlio wa pistoni. Noki ya beringi za konrodi, fimbo zinazobeba pistoni, husikika vizuri zaidi injini ikiwa imeshapata moto na oili imekuwa nyepesi. Acha gari lipate joto lake, kanyaga taratibu mpaka mzunguko wa 3,000 hivi, kisha achia ghafla. Ukisikia mlio mzito kutoka chini, kama nyundo inagonga mbao, rudisha funguo kwa mwenyewe. Kwa hiyo lisikilize mara mbili, baridi kwanza, moto baadaye. Na kabla ya yote chomoa stiki ya oili usome. Mwenye gari la turbo asiyejua oili yake iko kwenye alama gani amekwishakusimulia historia ya injini.

Gari la pili lilikuwa Mbezi Beach, na hili ndilo lingenipata. Tangazo lilisema STI. Nyuma imebandikwa STI, kiti kimeshonwa STI, mpaka kichwa cha gia kina maandishi. Bei yake ilikuwa chini kidogo ya mengine, nikajiambia labda mwenyewe ana haraka. Nikachuchumaa kwenye tairi la mbele kuangalia breki. Kalipa, vile vishikio vya breki, zina rangi ya dhahabu na zimeandikwa Brembo, kampuni ya breki za STI, lakini herufi ya mwisho ilikuwa imenyanyuka pembeni kama stika ya daftari. Nilipoigusa kwa ukucha, ikabaki kwenye ukucha.

Baada ya hapo sikuhitaji kubahatisha. Namba ya chasisi ya magari haya kutoka Japani imegongwa kwenye bati la ukuta unaotenganisha injini na abiria. STI huanza na GDB. WRX ya kawaida huanza na GDA. Hili lilikuwa GDA. WRX si gari baya, lakini ni gari jingine: injini yake ni EJ205 yenye nguvu za farasi 250, gia tano, na gia boksi ambayo watu wanaoendesha kwa fujo huimaliza kuanzia gia ya tatu. STI ina EJ207 ya farasi 280, gia sita, na karibu na breki ya mkono kuna kigurudumu kidogo cha kuzungusha kwa kidole, kinachoamua difu la kati, linalogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, lifunge kiasi gani. Stika inanunuliwa, kiti kinahamishwa, hata ile manifodi nyekundu ya juu ya injini inapigwa rangi. Gia boksi ya sita na difu ni kazi kubwa mno kuhamisha kwa ajili ya kumdanganya mtu, ndiyo maana naanzia huko. Jambo jingine ni boliti za rimu. Kuanzia STI za 2005 zimekaa kwenye duara la milimita 114.3, za WRX ni 100, na mara nyingi kipimo kimeandikwa nyuma ya rimu yenyewe.

Na kuna sauti. Wengi wanainunua Subaru kwa mngurumo ule wa kudundadunda, na wanadhani usipokuwepo gari limebadilishwa injini. Kwa Hawkeye ya STI iliyotengenezwa kwa soko la Japani mambo ni kinyume. Turbo yake ina njia mbili za moshi na mabomba yake yana urefu unaolingana, kwa hiyo inanguruma laini, bila kudunda. Ukisikia inadunda kama WRX, uliza kwa upole ni nini kimebadilishwa. Inawezekana ni mabomba tu. Inawezekana ni injini.

Muuzaji wa Mbezi sikugombana naye. Alisema na yeye alinunua hivyo hivyo, na sura yake ilinionyesha anasema kweli.

Gari la tatu lilikuwa Kigamboni. Nilivuka kwa pantoni pamoja na fundi wangu, mzee mwenye gereji Ilala, ambaye tangu mwanzo alinipa sharti moja: "Binti, bila geji ya kompresheni mimi siendi kuangalia Subaru. Nitakuwa nakula hela yako bure." Nawasihi msikie hili. Kuna mafundi wazuri sana wa Toyota ambao Subaru hawaijui. Plagi zake ziko ubavuni, zimebanwa na fremu. Kuzifikia lazima utoe betri upande mmoja na boksi la hewa upande wa pili. Fundi asiyeizoea atakuambia hakuna haja. Haja ipo. Kazi hiyo ilituchukua kama saa moja na nusu, na namba za kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda, zikatoka hivi kwa psi: silinda ya kwanza 150, ya pili 150, ya tatu 145, ya nne 105.

Mwenye gari akasema, "Hiyo ya mwisho ni plagi tu, mzee."

Fundi akamwonyesha plagi mkononi mwake. "Plagi ninayo hapa, baba. Kinachovuja ni silinda."

Kinachotafutwa si namba kubwa. Geji zinatofautiana, na injini ya baridi husoma chini. Kinachotafutwa ni silinda nne zinazokaribiana. Ikianguka moja, na kwa injini hizi mara nyingi huwa ni ile ya nne, kuna uwezekano mkubwa kingo za pistoni zinazoshika ringi zimepasuka. Sababu yake inatuhusu sana sisi huku. Injini hii Japani ilipangwa kwa petroli ya okteni 100, na petroli yetu ya kawaida haifiki hapo. Ukiipa petroli hafifu, ukaongeza na presha ya turbo, petroli inalipuka kabla ya wakati wake na pistoni ndizo zinazopokea kipigo. Gari la Kigamboni lilikuwa na kifaa cha kuongeza presha, kikibonyezwa kwa kidole pembeni ya usukani. Lilikuwa na valvu ya kupumulia nje pia, ile inayopiga "psshh" ukibadili gia, ambayo kwenye Subaru hizi inaichanganya kompyuta ya injini: hewa iliyokwishapimwa inatupwa nje, petroli inabaki nyingi.

Nilifanya na langu. Nikaomba tone la oili kutoka kwenye stiki, nikaliweka juu ya tishu nyeupe, nikaliacha litandae, nikalimulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Doa jeusi katikati, mviringo wa kahawia pembezoni, na ndani ya ule weusi kulikuwa na vumbi linalometameta, jepesi kama unga wa samaki mwenye magamba madogo. Ni chuma. Beringi zilikuwa zimeanza kujila. Injini ile ilikuwa bado inawaka, inaenda, na inapendeza masikioni.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao sitaubadili: nunua lililo kama lilivyotoka kiwandani. Sailensa ya nyuma peke yake hainitishi, rimu hazinitishi. Turbo kubwa, presha iliyoongezwa, kompyuta iliyochezewa bila karatasi ya aliyeipanga na kwa petroli gani, hivyo vinanitisha, hata mwenye gari akiwa mtu mwema.

Bodi nalitaja kwa kifupi kwa sababu halina tofauti na la gari jingine lolote. Piga bati kwa kifundo cha kidole, palipopigwa puti panajibu kwa sauti iliyolala. Tazama boliti za fenda na za boneti, rangi ikiwa imebanduka kwenye vichwa vyake basi zimewahi kufunguliwa. Inama chini uangalie kutu, maana mengine yalitoka sehemu za Japani zenye theluji na chumvi barabarani. Na kwa gari la Dar es Salaam, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Magari mengi yamewahi kuzama bonde la Msimbazi mvua zikizidi. Kapeti huoshwa, viti huoshwa, lakini ile sehemu ya mkanda inayojiviringisha ndani ya nguzo hakuna anayeikumbuka, na tope hukauka pale na kuacha mstari.

La nne nililipata Mikocheni, jeupe, kwa mzee mstaafu. Nilimwamkia, akaniambia maneno ambayo sikuwa nimeyasikia kwa wale watatu: "Marahaba mwanangu. Boneti liguse, sijaliwasha tangu juzi." Lilikuwa la baridi. Liliwaka mara moja, tak-tak ikasikika kwa dakika mbili ikatoweka. Kompresheni ilikuwa kati ya 145 na 150 kwenye silinda zote nne. Tone langu la oili lilikuwa jeusi bila kumeta.

Chini ya boneti kulikuwa na stika ndogo ya Kijapani ambayo ningeipita. Fundi akaisoma. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda wa taimingi, unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, hubandika stika yenye kilomita na tarehe, na mwaka mara nyingi wanauandika kwa kalenda ya mfalme wao. Iliandikwa 24.5, na kilomita 98,300. Mwaka wa 24 wa Heisei, ukijumlisha 1988 unapata 2012, mwezi wa tano. Dashibodi ilisoma 141,000. Usajili ulikuwa namba C, zilizotolewa miaka ile ile, kwa hiyo gari liliingia nchini muda mfupi baada ya mkanda ule. Vitu vitatu visivyojuana vikasema hadithi moja. Kilomita za dashibodi peke yake siziamini, zinarudishwa kila siku mjini. Nyaraka ya Japani ya kusafirisha gari nje nayo huandikwa kilomita, na mzee alikuwa amehifadhi nakala yake kwenye bahasha moja na risiti za oili.

Tuliliendesha Jumapili asubuhi mapema, barabara ya Bagamoyo. Gia ya pili kwenda ya tatu, kwa haraka na kwa polepole, hakuna kukwaruza. Nikaachia usukani kidogo, halikuvuta upande. Kisha nikaingia kwenye uwanja mtupu, nikakata usukani mpaka mwisho na kuzunguka taratibu, kushoto na kulia. Difu la kati likiwa bovu, gari linajikaza na kurukaruka kwenye kona kali kama linaburutwa. Hili lilizunguka vizuri. Taa ya difu kwenye dashibodi ikipepesa, hiyo pia ni dalili.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa mbele ya macho yangu. Matairi ya mbele yalikuwa mapya, ya nyuma yameisha na ni ya kampuni nyingine. Nikaona ni jambo la kubadilisha polepole nikipata hela. Gari linalosukuma magurudumu yote manne linataka matairi manne yanayolingana mduara, la sivyo difu la kati linafanya kazi kila sekunde, hata kwenye barabara iliyonyooka. Miezi minne baadaye likaanza kujikaza kwenye kona. Nikanunua matairi manne kwa mpigo, nikabadilisha mafuta ya difu na ya gia boksi, likatulia. Ingeweza kuwa difu lenyewe. Kama matairi hayafanani, bei ya manne mapya iondoe kwenye bei ya gari siku hiyo hiyo, na usiliendeshe kabla hujayafunga.

Karatasi: kadi halisi ionekane, jina lilingane na kitambulisho, chasisi na injini zilingane na kadi. Ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa faini wa polisi na wa maegesho. Mzee alikuwa na deni la maegesho ambalo hakuwa analijua, akalilipa nikiwa nimekaa naye barazani. Mkataba tuliandikishiana kwa wakili. Aliomba milioni 42, tukamalizana 36.

Wiki ile ile nilibadilisha mkanda wa taimingi, roli zake na pampu ya maji. Kilomita zilikuwa bado, maana Japani huhesabu 100,000, lakini mpira wa zaidi ya miaka kumi sikuweza kuulalia usingizi. Mkanda ukikatika kwenye injini hii, valvu na pistoni zinakutana. Kompyuta nayo ilipangwa upya kwa petroli yetu, kwa presha ya chini kuliko ya kiwandani. Nguvu imepungua kidogo. Injini ipo.

Sasa lenyewe. Mjini linanipa kilomita 6 kwa lita, safarini 9. Tanki ni la lita 60, kwa hiyo nikienda Iringa kwa mama nafika pua na mdomo, na huwa najaza tena Morogoro. Matuta ya Mikumi nayapita kwa mshazari, taratibu, kwa sababu bampa liko chini. Oili nabadilisha kila kilomita 4,000 na stiki naichomoa kila Jumamosi. Spea za kawaida Kariakoo, pale Gerezani, zinapatikana kwa kuwa Forester na Impreza za kawaida zimejaa nchini. Spea za STI yenyewe, kama gia boksi na shokapu, ni za kuagiza na kusubiri.

Halafu kuna Kitonga. Unatoka Ruaha Mbuyuni, mlima unaanza, malori yanapanda kwa gia ya kwanza. Unasubiri pale ambapo barabara inaonekana mbele na mistari inaruhusu, unashusha mpaka gia ya tatu, turbo inajaa, na gari linapanda kona ile kama lina kamba inayolivuta kutoka juu ya mlima. Halitelezi, haliyumbi, usukani unakuambia kila kokoto. Nimeendesha magari mengine ya bei hii. Hakuna lililowahi kunifanya nifike juu nikiwa na hamu ya kushuka nikapande tena.

Kama hili litakuwa gari lako la pekee, la kazini, la shule ya watoto na la misiba ya kijijini, silipendekezi. Chukua Impreza ya kawaida isiyo na turbo, utalala. Kama unaweza kutenga milioni tano baada ya kununua, bila kuzigusa, kwa ajili ya mkanda, matairi na mafuta yote, na fundi anayeijua Subaru unaye, basi litafute, na uwe tayari kurudi nyumbani kwa bajaji mara tatu. Kile kipimo cha Kigamboni kilinigharimu laki moja na nusu pamoja na nauli ya pantoni. Injini ya EJ207 niliyoulizia Ilala, yenyewe tu bila turbo, ilikuwa zaidi ya mara 40 ya hiyo.

Kwa sasa shokapu ya mbele kushoto inagonga ikiingia kwenye shimo. Za STI zimegeuzwa, fimbo iko chini, na grisi ndani ikikauka zinaanza kugonga. Fundi amezifungua, amesafisha na kupaka grisi mpya upande wa kulia, ukanyamaza. Wa kushoto fimbo yake ina mkwaruzo. Nimeagiza nyingine Japani, meli bado haijafika.